Mbu na Foku ya Springi

Mkono wa kulia wa Mbu ulipoanza kutetemeka, aliyeshtakiwa kwanza ni baiskeli. Haikuulizwa, haikupewa nafasi ya kujitetea, na shahidi pekee alikuwa Mbu mwenyewe, ambaye ndiye pia aliyekuwa hakimu. Haya si maneno ya kumsengenya mtu. Ameyasimulia kwa kinywa chake, mbele za watu, akijicheka mpaka machozi, na asiyeamini akamuulize.

Mbu si jina alilopewa na mamaye. Ni jina la kazini. Yeye ni mtu wa maabara ya hospitali, kazi yake kuchukua damu za vipimo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Waliombatiza ni wagonjwa, kwa sababu alikuwa akikuchoma nawe ungali unasubiri kuchomwa. Ukimuuliza, "Bado?" anakujibu, "Nenda zako, mama, mimi nimeshashiba." Foleni nzima inacheka, naye kichwa kinavimba mpaka kofia inakataa.

Dirisha lake lilikuwa la tatu ukiingia kwa mlango wa nyuma. Palikuwa na meza iliyobanduka pembeni, kiti cha mgonjwa chenye mkono mpana wa kuegemea, mto mdogo wa raba, kasha la vichupa vyenye vifuniko vyekundu na vya zambarau, na debe la njano la sindano zilizokwisha kazi. Heshima yake yote ilikuwa hapo. Nyumbani alikuwa baba asiyejua hata pasi inawashwa wapi. Kwa ndugu zake alikuwa kaka aliyejaribu biashara mara mbili, na mara zote mbili biashara ikamjaribu yeye. Lakini pale dirishani kina mama wenye watoto wachanga walikuwa wakiwapisha wengine kwenye foleni ili zamu yao imwangukie Mbu, maana mshipa wa mtoto wa miezi mitatu ni uzi, na wa kuupata kwa mchomo mmoja alikuwa yeye.

Kulikuwa na sheria. Ukimchoma mtoto mara mbili ukakosa, unamwachia mwenzako. Likikutokea hilo mara tatu ndani ya mwezi, unatolewa dirishani na kupelekwa chumba cha nyuma kubandika lebo. Sheria hiyo aliitunga Mbu mwenyewe, akampelekea mkuu wa maabara, enzi hizo mkono wake ukiwa jiwe. Mtu hujichimbia shimo wakati bado ana nguvu za kuchimba.

Basi Jumatatu moja akakaa mbele yake muuza nyama, jitu la mtu, mishipa imemtuna mkononi kama kamba za kuanikia nguo. Mshipa ule hata kipofu angeupata kwa kupapasa. Mbu akafunga mpira, akapangusa kwa pamba, akashika sindano, na ncha ya sindano ikaanza kucheza. Akakosa. Muuza nyama akautazama mkono wake, akamtazama Mbu, akasema kwa upole kabisa, "Usijali, kaka. Hata mimi kuna siku kisu kinanigomea."

Angetukana ingekuwa nafuu. Huruma ya muuza nyama, jamani, inakaa na mtu vibaya. Mbu akarudia, akapata, akacheka kicheko kikavu. "Barabara hii itatuua," akasema. "Nimeshuka kwenye baiskeli sasa hivi, mikono bado inanguruma." Neno lenyewe lilimtoka tu, kama mtu anavyobwata lolote akifumaniwa na aibu. Lakini ilipofika saa nne alikuwa ameshaliamini.

Na uongo unaokaa ni ule wenye ukweli ndani yake. Barabara kweli ilikuwa mbovu. Kutoka nyumbani kwake mpaka hospitali ni dakika arobaini kwa baiskeli: unapita kiwanda cha matofali, unavuka reli, kisha kilomita tatu za changarawe iliyojikunja kama bati la paa, halafu kilima cha hospitali. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nyeusi, na foku yake ya mbele ilikuwa ngumu, yaani vyuma viwili vilivyonyooka kutoka usukani mpaka katikati ya gurudumu, visivyo na huruma na kiumbe. Siku hizo mjini zilikuwa zimezagaa baiskeli zenye foku za springi, na kila zilipompita akiwa kwenye changarawe, waliozipanda walionekana wamekaa kwenye makochi. Dawa si hiyo hapo? Foku ya springi ingemponya mkono, mkono ungemwokolea dirisha, na dirisha lingemwacha aendelee kuwa Mbu.

Jumamosi akaenda kwa fundi. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, fremu zimening'inizwa darini, na Fundi alikuwa mwanamume mfupi mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, mwenye tabia ya kuisalimu baiskeli kwanza, mwenyewe baadaye.

"Nataka foku ya springi," Mbu akasema.

"Ya nini?"

"Mikono inatetemeka nikifika kazini."

Fundi akainama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba. Halikubonyea. "Tairi umelijaza upepo utadhani linakwenda vitani. Punguza upepo, tuweke matairi mapana kidogo. Ukibaki na malalamiko, ndipo tuongee habari za foku."

"Mimi sikuuliza tairi."

"Ala! Siku hizi mgonjwa anajiandikia dawa?"

Hapo Mbu alikasirika kwelikweli, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yake mwenyewe pale dirishani, kila akimkuta mtu aliyekuja na majibu kabla ya vipimo. Fundi akajifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe, akaanza somo.

"Sikiliza, mzee wangu. Foku ngumu ni nyepesi. Haina cha kuharibika. Ukikanyaga pedeli, nguvu yako yote inakwenda kwenye gurudumu. Ubaya wake mmoja tu, kila jiwe barabarani linakuletea salamu. Foku ya springi inameza mashimo, hilo siwezi kukataa. Lakini hizi tunazozimudu watu kama mimi na wewe ni nzito, zinashika kutu, zinataka kufunguliwa na kupakwa grisi, na kwenye mlima zinakunywa jasho lako. Unakanyaga, inazama. Unakanyaga, inazama. Nusu ya chai uliyokunywa asubuhi umeichangia springi. Wewe unakwenda kazini, huendi kuruka magogo."

"Lakini mikono, Fundi."

Fundi akautazama mkono wa Mbu uliokuwa umelala juu ya kiti cha baiskeli, akautazama muda mrefu kidogo. Kisha akageuka, akaanza kutafuta spana. "Basi nitakuazima moja," akasema. "Nenda nayo wiki nzima, kisha uje uniambie."

Mtu mwingine angeipanda tu, akaona. Mbu hapana. Mbu ni mtu wa maabara, na mtu wa maabara hata ndoa yake angependa ipimwe mara mbili. Aliomba aanze kwanza wiki moja na foku yake ngumu, ya pili ndiyo ifungwe ile ya springi, na kila asubuhi akifika kazini atajipima. Kipimo chake kilikuwa hiki: vioo kumi vya hadubini, kila kimoja kimechorwa duara dogo kwa kalamu, na mrija wa kudondoshea maji. Kabla hajavaa koti, anadondosha tone moja katika kila duara. Tone likitua ndani, alama moja. Likitua nje, sifuri. Akanunua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, na kwenye jalada akaandika kwa herufi kubwa UTAFITI WA FOKU. Lo, akajiona msomi!

Wiki ya foku ngumu alipata sita, tano, sita, saba, tano.

Wiki ya springi, Jumatatu, akapata tisa. Tisa! Nusura atoke nje akaibusu baiskeli. Jumanne akapata tano, lakini Jumanne mvua ilinyesha, na kila mtu anajua sampuli iliyochafuka hutupwa, akafuta. Jumatano nne. Jumatano alikuwa amekorofishana na mkewe juu ya bomba la jikoni, na mtu mwenye hasira hapimwi, akafuta. Alhamisi sita, ila kuna mbuzi alikatiza njia akalazimika kufunga breki ghafla, akafuta, na pembeni akaandika "mbuzi". Ijumaa tano. Shingo ilikuwa imelala vibaya. Akafuta. Ilipofika jioni foku ya springi ilikuwa na wastani wa tisa kwa kumi, kwa sababu ilikuwa imebakiwa na siku moja.

Kuhusu kile kilima hakuandika neno. Fundi alisema kweli tupu. Kila Mbu alipokanyaga, mbele ilizama. Kila alipoachia, iliinuka, na yeye juu yake anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani, aliyezoea kukipanda kilima kile kwa miguu, siku ya kwanza alimwitikia kwa kichwa. Siku ya pili akaitikia tena. Ya tatu akasimama kando ya njia, akamngoja afike, akauliza, "Samahani, bwana, tunafahamiana?" Mbu hakuwa na pumzi ya kumjibu. Aliendelea kuinama.

Hata hivyo aliinunua. Alimwambia Fundi utafiti umekamilika. Fundi akapokea fedha, akaguna, akarudi kwenye cheni yake.

Sasa, katika maabara ile hakuna jibu linalotoka na sahihi moja. Aliyepima anatia sahihi, na mwenzake anayehakiki anatia ya pili. Bila ya pili, karatasi ile hata daktari hainyanyui. Ukiishi na mazoea hayo miaka ishirini na sita yanaingia kwenye damu, na Mbu alikuwa na daftari lenye sahihi moja. Hakulala vizuri nalo. Jumatatu iliyofuata akalipeleka kwa dada wa meza ya hadubini, msichana wa miaka ishirini na kitu, ambaye kazi alifundishwa na Mbu mwenyewe na mpaka leo anamwita mwalimu.

"Nihakikie hapa," akamwambia, kama mtu asiyejali.

Dada akasoma. Alipofika kwenye "mbuzi" akabana midomo. Akarudi nyuma, akasoma tena, kisha akaiweka kalamu mezani.

"Mwalimu, mimi siwezi kutia sahihi."

"Kwani mwandiko hausomeki?"

"Unasomeka. Lakini umefuta siku nne."

"Zilichafuka."

"Haya, tuseme zilichafuka." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayevuka maji asiyoyajua kina. "Na kipimo cha kulinganishia kiko wapi? Umepima foku ngumu, umepima foku ya springi. Siku ambayo hukupanda baiskeli kabisa, umepima lini?"

Ebo! Mwaka wa kwanza wa dada kazini, kwa kosa hilohilo, Mbu alimrudishia kazi mara sita, moja ya hizo mbele ya watu, na siku hiyo akapaaza sauti: "Kipimo kisicho na cha kulinganishia si kipimo, ni ramli!" Dada hakumkumbusha. Angemkumbusha, Mbu angepata pa kukasirikia.

"Hii ni habari ya baiskeli tu," Mbu akasema, akilichukua daftari lake, "si ya malaria."

"Ndiyo, mwalimu."

Kuna ndiyo ya heshima ambayo ni afadhali kofi. Siku nzima Mbu alichemka. Alimkaripia mtu wa usafi, aligombana na mashine ya kuzungusha vichupa, na mama mmoja mwenye mtoto alipofika alijifanya anaitwa ofisini, akatoka. Alisimama korido akisoma tangazo la kunawa mikono, akalisoma mara nne. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alikuwa anaogopa. Mtu hafuti Jumanne kwa sababu ya mvua kama hajui Jumanne inasema nini. Alikuwa amejua tangu siku ya muuza nyama, na foku mbili zote alizipima ili asipime mkono.

Jumamosi hakupanda baiskeli. Aliamka, akanywa chai, akakaa jikoni na vioo kumi alivyovileta mfukoni. Mkewe alikuwa upande wa pili wa meza akishona vifungo vya mashati ya shule. Mbu akadondosha matone yake kumi.

Matatu ndani.

"Meza inayumba," akasema.

Mkewe akainama, akakunja kipande cha karatasi, akakichomeka chini ya mguu wa meza, akarudi kwenye vifungo. Mbu akarudia. Manne.

"Na huo uzi wako unautingisha mwanga."

Mkewe akasogeza shati. Mbu akarudia mara ya tatu. Matatu. Hapakuwa na mvua, mbuzi wala mlima, na baiskeli ilikuwa nje imeegemea ukuta, haina hatia.

"Baba Watoto," mkewe akasema bila kuinua macho, "unafikiri ni kwa nini tangu mwaka jana nakutilia chai nusu kikombe?"

Mbu akamkodolea. "Nilidhani ubahili."

"Najua ulidhani ubahili. Ulimwambia mpaka shemeji yako."

"Sasa kumbe?"

"Ukijaziwa unaimwaga kwenye kisahani, halafu unanuna asubuhi nzima. Nikaona bora ununie nusu."

"Mwaka mzima unaniona, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu wa hospitali ni wewe. Nikasema moyoni, huyu anajua, ananificha nisiingiwe na wasiwasi."

Mganga hajigangi, walisema waliotangulia. Lakini mganga wa watu angalau hujiona anaumwa. Huyu wetu maradhi aliyaficha pahali pagumu kuliko pote, machoni pake mwenyewe, na aliyekuwa hajui nyumba nzima ni yeye mpimaji. Akaanza kucheka. Akacheka, katikati kicheko kikageuka, akalia. Mkewe akamrushia kitambaa cha jikoni. Kilikuwa na harufu ya vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kusema yale yalikuwa machozi ya nini.

"Nenda kwa daktari," mkewe akasema. "Huenda ni kitu kidogo. Lakini lile dirisha..."

"Usilitaje dirisha."

"Nitalitaja. Wale ni watoto wa watu."

Mbu alivipangusa vioo kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni, akatoka nje, akaikokota baiskeli kwa miguu mpaka kwa fundi.

"Nirudishie foku yangu ngumu," akasema.

Fundi akasimama na spana mkononi. "Mkono umepona?"

"Mkono haukuwa wa baiskeli."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya kwanza ulikuja ukiikokota hivihivi, hukuipanda. Ukaweka mkono juu ya kiti, mkono ukawa unacheza. Baiskeli imesimama, mkono unakwenda."

"Kumbe wewe pia! Na ukaniuzia foku?"

"Ulikuja kutaka foku, mzee. Ningekwambia nenda hospitali, ungenijibu ndiko unakofanya kazi. Ningesema nini tena?"

Mbu akakaa juu ya kopo la rangi lililokuwa hapo. "Haya," akasema, "sasa nakuuliza kama mtu mwenye akili zake. Mtu anayekwenda kazini na kurudi, kila siku, kwa njia ile, na mkono sahau kabisa. Foku gani?"

"Ngumu," Fundi akasema, wala hakusubiri. "Na matairi mapana, upepo wa kiasi, na mipira minene ya kushikia usukani. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia kabla hujaichukua ile springi."

"Basi, Fundi, yatosha, nimesikia."

Kazi yenyewe ilikwisha mapema, na Jumatatu asubuhi Mbu akaondoka na baiskeli iliyokuwa ileile yake, ila sasa ina adabu. Changarawe bado ilimletea salamu, lakini ilibisha hodi kwanza. Kilimani hakuinama wala kuinuka. Alikanyaga na baiskeli ikaenda. Alimpita yule mwalimu wa shule akamwamkia kwa mdomo, kama binadamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alifika kazini akiwa hana maumivu popote. Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, akautazama. Ulikuwa unatetemeka vilevile, na sasa hapakuwa na mtu wala kitu cha kusingizia.

Alipitia ghorofani kwa daktari, akapewa miadi ya Alhamisi. Kisha akashuka, akavaa koti, akakaa dirishani. Alijiambia atamaliza wiki hii tu.

Wa kwanza, wa pili na wa tatu walikuwa watu wazima, akawapata, mmoja kwa mchomo wa pili. Halafu akamwona mama mmoja katikati ya foleni, amembeba mtoto wa miezi minne ndani ya shali ya manjano. Alikuwa anawapisha watu. Akampisha mzee mwenye mkongojo, akawapisha wasichana wawili, akampisha askari mlinzi, kila mara akinyoosha shingo kuangalia dirisha la tatu lina nani. Kila alipompisha mtu, Mbu alijiona ameongezewa tofali kichwani.

Zamu yake ikafika. "Nimeambiwa nije kwako wewe," mama akasema, akikaa ukingoni mwa kiti. "Kule tulikotoka walimchoma mara tano, wakakosa. Tafadhali, baba. Ahsante, baba." Alikuwa anashukuru kabla hajatendewa kitu.

Mbu akaulaza mkono wa mtoto juu ya mto wa raba. Kidole chake cha shahada kikaupita mkunjo wa kiwiko, kikarudi, kikasimama. Kidole kilikuwa bado kinajua. Uzi ule hapo. Akafunga mpira, akapangusa, akaiinua sindano, ncha ikaanza kucheza.

Mawazo yana mbio. Akawaza kwamba sheria inampa mara mbili, na aliyeiandika ni yeye. Akawaza kwamba mama huyu hajui kitu, na yeye Mbu akikosa atasema mtoto amejitingisha. Watoto hujitingisha, nani angebisha? Mtoto mwenyewe alikuwa ametulia tuli, amekishika kifungo cha koti la Mbu kwa vidole vya mkono wa pili, anamtazama usoni bila shaka yoyote.

Mbu akaiweka sindano kwenye trei.

"Mama," akasema, "mkono wangu unatetemeka. Si leo tu, ni wa kila siku."

Alitaka kuisema kwa sauti ndogo, lakini ilitoka kubwa. Muuguzi aliyekuwa akipita na mafaili akasimama.

"Lakini nimekuja kwa ajili yako," mama akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nimewapisha watu wote hawa."

"Nimekuona. Ndiyo maana sitamchoma."

Akageuza kichwa, akamwita dada wa hadubini. Dada akaja, akaona mtoto, akaona sindano kwenye trei, akaelewa. "Mwalimu, mtoto mdogo hivi sijawahi peke yangu," akamnong'oneza.

"Nani kasema uko peke yako? Kaa hapo."

Akainuka kwenye kigoda chake, dada akakaa. Mbu akazunguka upande wa mgonjwa, akapiga goti moja sakafuni, akaushika mkono wa mtoto kwa mikono yake yote miwili, akaubana juu ya mto. Mikono miwili ikisaidiana inatulia; hilo alikuwa hajui mpaka dakika ile. Akaweka ukucha wa kidole gumba kandokando ya mahali penyewe.

"Hapo," akasema. "Usiutafute kwa macho, utakudanganya. Gusa. Umeupata? Haya. Usiwe na haraka, hakuna anayekufukuza."

Dada akavuta pumzi, akaingiza. Damu ikapanda kwenye kichupa, nyekundu, safi, mchomo mmoja. Mtoto akakunja uso, akafikiri, na akaja kulia pamba ilipokuwa tayari imebandikwa.

Mama akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu alfajiri. Akamgeukia dada, akamshika mkono, akautikisa. "Ubarikiwe, mwanangu, ubarikiwe! Wiki ijayo tunarudi tena. Utakuwepo? Niambie utakuwepo, nikuulizie wewe."

Kama anayeomba ruhusa ya kusema ndiyo, dada alimtazama Mbu, ambaye bado alikuwa amepiga goti sakafuni.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana. Miaka ishirini na sita, na mama wa watu hakuchukua hata dakika moja kuhama. Lakini Mbu aliutazama mkono wa mtoto aliokuwa ameushika, ulikuwa na tundu moja tu, na furaha ikamjia juu ya maumivu yale, akashindwa kujua acheke au alie, akaona hapo mbele za watu acheke.

"Atakuwepo, mama," akasema. "Dirisha hili ni lake. Mimi nitakushikia mtoto."